Gundi Badala ya Uzi

Nilichinja mbuzi Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma kando ya barabara kuu, kwa miaka kumi na saba kabla ya kujua kwamba jicho lina misuli. Nilijua nyongo na namna ya kuitoa bila kuipasua. Nilijua mahali pa kupitisha kisu ili mnyama asipate nafasi ya kulia mara ya pili. Lakini jicho kwangu lilikuwa kitu cha kuachwa kichwani kwa ajili ya watu wa supu. Kichwa nilikikata, nikakitupa kwenye beseni upande wangu wa kushoto, nikamburuta mbuzi mwingine kwa mguu wa nyuma.

Daktari alikuja siku ya Jumanne, asubuhi, kabla magari ya safari hayajaanza kusimama. Alikuwa mama wa makamo, Mhindi wa Nakuru, mzaliwa wa mji huo huo ambako baba yake aliuza vipuri vya matrekta. Alivaa gambuti za shambani na akavuka vidimbwi vya damu bila kuinua suruali. Aliniuliza kama ninaweza kumpa vichwa ambavyo havijapoa.

"Vya supu?"

"Mimi sili nyama, mzee. Nataka macho."

Nikacheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikamwonyesha ile meza ya nyuma tuliyokuwa tukioshea matumbo. Akaisugua mwenyewe kwa sabuni, akatandaza plastiki, akapanga vyombo vyake: vibanio, mikasi midogo kama ya mwanasesere, na mizani ya ndoano. Nikamletea kichwa cha kwanza. Masikio yalikuwa bado yanatetemeka.

Niliacha kisu nikasimama kumtazama. Alipasua ile ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho, akaingiza kijindoano chini yake, akainua utepe mwekundu usiozidi upana wa mkanda wa saa. Akaukata pale uliposhikana na jicho. Kisha akausogeza nyuma kidogo, akatia tone la gundi, akaubana na kuhesabu kimoyomoyo. Baada ya hapo akatia ndoano ya mizani kwenye huo utepe na kuvuta. Alivuta polepole, meno yamekazana, mpaka utepe ukang'oka na kurusha tone la damu kwenye miwani yake. Akaandika kwenye daftari. Akaomba kichwa kingine.

"Unatengeneza halafu unavunja," nikamwambia.

"Nataka kujua panavunjikia wapi."

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Wenzangu walimwita mama wa macho. Mimi nikawa mtu wake, kwa sababu nilikata vichwa bila kuviburuta na sikuwahi kumletea jicho lililokwaruzwa. Kidogo kidogo akanieleza. Jicho la mtu huendeshwa na misuli sita. Mmoja ukivuta kupita kiasi, au ukilegea, jicho huenda upande. Kulirudisha ni lazima msuli ukatwe na kushikizwa mahali pengine, na kwa kawaida hushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

"Shida ni sindano," alisema. "Ukuta wa jicho pale nyuma ya msuli ni kama karatasi ya Biblia. Ukiingia ndani zaidi kidogo tu, umetoboa."

"Umewahi kutoboa?"

Alikuwa anafuta kibanio. Aliendelea kukifuta hata kilipokuwa safi. "Mtoto wa miaka sita," alisema. "Aliingia kwangu akiona kwa macho mawili. Alitoka akiona kwa moja."

Gundi aliyokuwa akiitafuta ilitoka kwenye damu. Alisema damu ina kitu fulani ambacho ndicho huigandisha, kama nyuzi. Nikamwambia hizo nyuzi nazijua. Ukikinga damu ya mutura, ile ya kujazwa kwenye utumbo, lazima uikoroge kwa kijiti haraka, la sivyo inaganda kama maini, na ukimaliza kukoroga, kijiti kinatoka kimezungukwa na nyuzi nyeupe ambazo hata kwa kucha hutaziondoa. Aliweka mkasi chini. Akaniomba nimwonyeshe. Nikamshika mbuzi, nikamkata, nikakinga, nikakoroga, nikampa kijiti. Akakigeuza kwenye mwanga, akazivuta zile nyuzi kwa kibanio, zikavutika zisikatike. Sijawahi kuona mtu akifurahishwa hivyo na kitu ambacho sisi tulikuwa tukiwapa mbwa.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza yule mtoto wa miaka sita alikuwa na ugonjwa gani.

"Makengeza," akasema. "Tu."

Nikarudi kwenye kazi yangu, lakini mbuzi aliyefuata nilimkata vibaya. Alipiga kelele, akanirushia mateke ya tumbo, na ilibidi nimmalize kwa magoti juu ya mbavu zake.

Nina binti. Jicho lake la kulia lilianza kwenda nje akiwa na miaka mitatu au minne, kwanza akichoka, baadaye kila wakati. Mama yangu alisema ni tabia, kwamba ameiga mahali, na mtoto huacha akikemewa. Kwa hiyo nilimkemea. Nilimkemea akila na akisoma, nilimkemea kanisani kwa kumfinya paja. Akiwa na miaka minane, jioni moja nilirudi kutoka kazini nimegombana na mwenye bucha, nikakuta ameachilia ndama akanyonya maziwa yote ya ng'ombe. Nikamsimamisha jikoni.

"Niangalie ninapokusemesha," nikamwambia.

Akaniangalia. Jicho la kushoto likawa kwangu na la kulia likaenda mlangoni, kwa dharau, ndivyo nilivyoona wakati huo. Nikampiga kofi. Nikamwambia tena aniangalie. Jicho likabaki mlangoni, nikampiga la pili. La tatu lilimwangusha kwenye pembe ya meza, na mdomo wake ukapasuka mpaka karibu na pua. Mkono wangu unaweza kumpindua mbuzi dume. Yeye alikuwa na uzito wa debe la viazi.

Mama yake aliingia mbio na ndoo mkononi. Hakunipigia kelele. Alimwinua, akambana mdomo kwa leso, akasema bila kunitazama, "Alikuwa anakuangalia."

Na mtoto akasema ndani ya leso, "Nilikuangalia, Baba."

Hayo yalikuwa yamepita mwaka mzima nilipomwambia daktari kwamba nina binti mwenye makengeza. Sikumwambia lingine. Akasema nimlete.

Nilimpeleka Nakuru, kwenye kliniki yake. Alimfunika jicho moja, akamfunika lingine, akamwekea vioo vya pembetatu mbele ya uso, akamwonyesha picha ya tembo na kumuuliza yuko wapi. Mwishoni akagusa kovu la mdomo kwa kidole.

"Na hapa uliumia vipi?"

"Nilianguka," binti yangu akasema.

Daktari akamtuma nje kwa muuguzi achukue peremende. Akafunga mlango.

"Mzee, watoto wanaoanguka hivyo nawaona wengi," alisema. "Sikuulizi. Nakwambia tu kwamba naona." Kisha akaniambia kuhusu jicho. Lilikuwa limezoea kutotumiwa, na ubongo ulikuwa karibu kulisahau. Ningemleta akiwa na miaka minne, lingeweza kuona vizuri. Sasa tungeweza kuliziba lile zima kwa miezi mingi ili hili bovu lilazimike kufanya kazi, kisha tulinyooshe. Kuona kwake kungerudi kidogo, si kote.

Nilikaa kwenye kile kiti. Nilitaka kumpiga mtu, na mtu pekee aliyestahili alikuwa mimi. Nilijipiga paja kwa ngumi, mara nyingi, mpaka daktari akasema basi.

Mwaka huo alipata kibali cha kujaribu gundi kwa sungura walio hai. Vibali vilibandikwa mlangoni, na daktari wa mifugo wa serikali alikuja kukagua. Jengo lilikuwa ghala la zamani kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu, upande wa Kariandusi, mahali ambapo upepo huleta vumbi jeupe la mgodi na kulilaza juu ya kila jani. Alihitaji mtu wa kuwashika na kuwatunza wale sungura. Aliniuliza mimi.

"Mimi ni mchinjaji," nikamwambia.

"Ndiyo. Unajua kushika."

Sikujua. Mbuzi unamshika kwa nguvu. Sungura ukimshika kwa nguvu anajiua mwenyewe. Alinifundisha kubeba makalio kwa mkono wa chini na kumficha kichwa kwapani, asione. Wiki ya pili nilikuwa na haraka. Nilimtoa jike mmoja mweupe kwa kumshika mgongoni, makalio yananing'inia, naye akapiga teke moja hewani. Nilisikia mgongo wake ukikatika. Ulitoa sauti kama ya karoti.

Watu hudhani sungura ni bubu. Yule alipiga yowe, la juu, refu, kama mtoto aliyemwagikiwa na maji ya moto, na wenzake wote wakaanza kugonga miguu kwenye mabati. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imekufa, ya mbele ikikimbia mikononi mwangu. Nilimkunja shingo. Nilifanya haraka, kwa sababu hilo ndilo jambo moja ninalolijua.

Daktari alisimama mlangoni. "Umemuua bila yeye kutuambia lolote," alisema. Alimaanisha kwamba hatukujifunza kitu. Kisha akanipokonya yule sungura, akanigeuzia mgongo, akasema kwa sauti tofauti, "Usirudie tena kuwa na haraka na mnyama wangu."

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Sungura alidungwa dawa ya usingizi. Nilimshikilia kichwa chini ya taa, nikasikia moyo wake ukikimbia kwenye kiganja changu na kisha ukitulia. Kwenye jicho la kulia daktari aliukata msuli na kuubandika kwa gundi, kwa sindano mbili zilizofungwa pamoja, moja ikiwa na maji ya zile nyuzi za damu na nyingine ya kuyagandisha, yakikutana yanashika. Kwenye la kushoto aliushona kwa uzi kama kawaida, ili apate kulinganisha. Mimi niliwatia dawa ya matone asubuhi na jioni, nikawasafisha usaha, nikawachunguza kama jicho limevimba. Walinizoea. Baada ya wiki kadhaa, waliotimiza muda wao niliwashika tena, safari hii kwa sindano ya mwisho, na nikasikia ule moyo ukitulia na usirudi. Halafu daktari alilitoa jicho na kulivuta kwa mizani mpaka msuli ung'oke.

Mbuzi alipigana nami. Alikiona kisu, alijua, alipiga mateke. Wale sungura waliingiza vichwa kwapani mwangu wenyewe. Miezi ile sikula nyama, na mke wangu akaniuliza kama nimeokoka.

Mbwa waliingia mwezi wa tano, mvua ikiwa imelainisha udongo chini ya wavu ulioziba upande mmoja wa ghala. Nilifika alfajiri kwa pikipiki na kabla sijazima injini nilisikia yale mayowe. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Walikuwa wamechimba. Ndani kulikuwa na mbwa watatu wakubwa wa rangi ya majani makavu, wa jirani aliyefuga kondoo upande wa ziwani. Walikuwa wameangusha vizimba. Hawakuwa wakila. Walimkamata sungura shingoni, wakamtikisa huku na huku mpaka alegee, wakamwacha, wakamchukua mwingine. Manyoya yalikuwa hewani kama vile vumbi la mgodi. Sakafu ilikuwa inateleza.

Karibu na mlango palikuwa na jembe la uma. Nilimchoma wa kwanza ubavuni na kumpigilia ukutani, na nikabaki nimemsukuma hapo akiuma mpini mpaka akaacha. Wa pili alinirukia mkono wa kushoto, akanishika juu ya kifundo, akaanza kunitikisa kama alivyowatikisa wale. Nilihisi meno yakikutana na mfupa. Niliacha jembe, nikatoa kisu mkandani, nikakipitisha kooni mwake kutoka sikio hadi sikio, na alikufa akiwa bado ameniuma. Ilibidi nipanue taya zake kwa mpini wa kisu. Wa tatu alipita katikati ya miguu yangu akatoka kupitia shimo.

Mwenye mbwa alinikuta nje, nimekaa kwenye tope nikifunga mkono kwa shati. Alikuwa ametoka akifuata kelele, mtu wa rika langu, mwenye rungu.

"Umeua mbwa wangu," akasema.

"Ingia ndani uone walichofanya."

"Umeua mbwa wangu kwa sababu ya sungura?"

Akanipiga rungu begani. Alikuwa akilenga kichwa, nikajipinda. La pili nilipishana nalo, nikamwingia kiunoni, tukaanguka wote kwenye matope. Alinipiga ngumi mahali mbwa alipouma, na maumivu yale yalinipofusha kidogo. Nilipoona tena nilikuwa juu yake, goti kifuani, mkono mbovu umemshika nywele na kumrudisha kichwa nyuma, na kisu kilikuwa pale, chini ya sikio. Mahali pale napajua hata nikiwa nimefumba macho. Nisingelazimika hata kufikiri. Mkono ulikuwa umeshaanza. Tayari kulikuwa na mstari mwembamba wa damu.

Sikusikia gari la daktari. Nilisikia sauti yake karibu sana, kutoka juu yangu. Alikuwa ameshapita ndani, ameshaona.

"Mzee," alisema. "Sungura wamekufa lini?"

Kisu sikukiondoa.

"Nina saa moja kabla misuli haijakakamaa. Nusu imeshapita. Nahitaji mikono yako."

Hakuniambia nimwachilie. Hakutaja polisi wala Mungu. Alikuwa ameshageuka anarudi ndani, anavaa glavu. Nikamtazama yule mtu chini yangu, alikuwa anapumua kwa mdomo na alikuwa amejikojolea. Nikaondoa goti. Nikaenda kwenye bomba, nikanawa mkono mmoja vizuri na mwingine nilivyoweza, nikaingia.

Tulifanya kazi juu ya mlango mmoja wa zamani tulioulaza kwenye vizimba. Vichwa vingine vilikuwa vimepondwa. Vingine vilikuwa vizima na shingo ndiyo iliyokatika. Mimi nilishika, yeye alipasua na kuchungulia. Aliniambia anachokiona ili nikikumbuke, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuandika: kulia imeshika, kushoto imeshika. Kulia imeshika. Kulia imeteleza. Damu yangu ilidondoka kwenye plastiki na yeye akaifuta kwa kiwiko bila kusimamisha mkono. Hakuna mtu ambaye angepanga jaribio la namna ile, mnyama kutikiswa na mbwa mpaka afe na kisha kuangalia kama gundi imebaki. Nyingi zilikuwa zimebaki. Chache zilikuwa zimeteleza, na msuli umerudi nyuma kwenye tundu lake kama mnyoo shimoni. Upande wa uzi hakuna uliokuwa umeteleza.

Tulipomaliza alivua glavu, akakaa sakafuni kwenye ile damu, akalia kwa dakika chache, mikono ikiwa magotini. Kisha akanyanyuka akatoka nje. Yule jirani alikuwa bado amekaa kwenye tope akishika shingo. Daktari alimwosha na kumshona palepale, kwa uzi, bila kuniita nimshike. Yeye hakuturipoti polisi, wala sisi hatukumripoti. Mimi nilipelekwa Gilgil kuoshwa kidonda na kuanza sindano za kichaa cha mbwa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havijawahi kukunjika tena sawasawa, na kazi ya kuchinja sikuirudia, hata kama ningetaka.

Kilichofuata sikijivunii. Binti yangu alikuwa amezibwa jicho zima kwa muda mrefu, ameshaanza kusoma herufi kubwa kwa lile la kulia, na tarehe ya upasuaji ilikuwa imekaribia. Nilikwenda kliniki nikamwambia daktari nataka atumie gundi.

"Hapana," akasema.

"Nimeona kwa macho yangu ikishika. Mbwa walishindwa kuing'oa."

"Umeona pia ikiteleza. Ulikuwa unanishikia kichwa."

"Na sindano? Ukitoboa?"

"Nikitoboa nitakuwa nimetoboa," alisema. "Gundi bado ni ya sungura. Mtoto wako si sungura wangu."

Nilipiga meza yake. Vile vioo vya pembetatu viliruka, kimoja kikaanguka na kupasuka. Nikainuka, nikajikuta nimesimama juu yake, mkono mzima umeinuliwa, na nikaona kwamba hakurudi nyuma hata kidogo, ingawa alikuwa ameshika kiti kwa nguvu. Alikuwa anajua mimi ni mtu gani. Alikuwa amejua tangu siku ya kovu. Nikaushusha mkono kama mtu anayeshusha mzigo wa mtu mwingine, nikainama nikaokota vipande vya kioo, vikanikata. Nikamwomba msamaha. Akasema kioo kile kitagharimu zaidi ya mbuzi watano, na kwamba niwe hapo Alhamisi saa moja asubuhi na mtoto asile kitu.

Alhamisi hiyo walimwingiza. Mke wangu alikaa kwenye benchi akiomba kwa lugha ya kwao. Mimi nilisimama, kwa sababu nilijua kila hatua. Nilijua sasa anapasua ile ngozi nyembamba. Sasa ndoano inaingia chini. Sasa anaukata. Nilijua mpaka sauti ya mkasi. Baba wengine kwenye ile korido hawakujua chochote na waliweza kusoma gazeti. Nilipofikiria sindano nilitoka nje nikazunguka jengo, kisha nikarudi.

Daktari alitoka na kofia bado kichwani, akatuambia sindano haikutoboa.

Bandeji ilitolewa kesho yake. Jicho lilikuwa jekundu kama nyama mbichi na limevimba, lakini lilikuwa katikati. Binti yangu alijitazama kwenye kioo cha muuguzi kwa muda mrefu sana. Kisha akaniangalia mimi. Niliwaza kwamba nimengoja siku hiyo kwa miaka, na nilichofanya ni kugeuza uso wangu kwenye dirisha. Sikuweza kuyavumilia yote mawili kwa pamoja.

"Baba," akasema, "hunitaki hata hivi?"

Ndipo nilipomwambia. Nilimwambia mbele ya mama yake na mbele ya muuguzi, kwamba siku ile ya maziwa hakuwa na kosa, kwamba alikuwa ananiangalia na mimi sikuona, na kwamba nilimpiga mara tatu nikiwa na akili zangu timamu. Hakunikumbatia. Alisema, "Najua. Mimi nilikuwepo." Akarudi kwenye kioo.

Jaribio la sungura lilianza upya na kundi jingine, kwenye jengo lenye sakafu ya saruji. Daktari alibadilisha mchanganyiko wa gundi. Wale waliofuata hawakuteleza wengi kama wa kwanza, lakini bado waliteleza, na hadi leo anawashona watoto kwa uzi. Husema labda atakayemaliza kazi hiyo ni mtu mwingine ambaye sasa yuko darasani. Mimi bado ninamfanyia kazi. Siku za sindano ya mwisho bado ninawashika mwenyewe, simwachii mtu.

Muhula uliopita niliitwa shuleni. Binti yangu sasa amepita miaka kumi na mbili, jicho limenyooka, ingawa kuona kwake hakujafika kwa lile zima. Mvulana wa darasa lake alikuwa amemwita jina la zamani, jina la makengeza, na yeye akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumgonga kwenye bomba la maji. Alimgonga mara kadhaa. Pua ilivunjika. Walimu wawili ndio waliomtoa.

Ofisini mwalimu wa nidhamu alikuwa amemsimamisha ukutani. Sare yake ilikuwa na damu mbele, si yake. Mwalimu akanipa kipande cha mpira wa kumwagilia maji, urefu wa mkono.

"Siku hizi sisi haturuhusiwi," akasema. "Tunamwachia mzazi."

Walimu wengine waliacha kusahihisha madaftari wakangoja. Niliupima ule mpira mkononi, sijui kwa nini, ni mazoea. Ulikuwa mzito vizuri. Nikauweka mezani nikauliza yule mvulana anaishi wapi.

Tulitembea kufuata barabara ya vumbi, binti yangu mbele, mimi nyuma. Tulipopita kwenye uzio wa mikonge alisema bila kugeuka:

"Nilitaka kuendelea, Baba. Hata nilipoona damu. Ndipo nilipotaka zaidi."

"Najua," nikamwambia.

"Huwa inaisha?"

Nilifikiria kumdanganya. "Kwangu haijaisha," nikasema. "Lakini mtu anaweza kuushusha mkono."

Alitembea akilifikiria hilo. Hakusema amekubali. Tulipofika kwenye geti la mabati nilibisha mimi. Aliyefungua alikuwa mama wa yule mvulana, kanga kiunoni, unga mikononi, na alipoona ile damu kwenye sare alijua ni ya nani. Alikuja moja kwa moja akamzaba binti yangu kofi kabla sijafungua mdomo.

Mwili wangu wote ulisonga mbele. Binti yangu alinishika mkono, ule wa vidole vibovu, akaubana chini. Kisha akamwambia yule mama kwamba amekuja kuomba msamaha, na kama mwanawe yuko angependa kumwambia mwenyewe.

Mama akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akafuta unga kwenye kanga. "Yuko ndani," akasema. "Amelala. Ingieni polepole."